Bakshishi ya mhudumu: ukiwa ugenini ni hiari yako au ni deni?

Mleta mada
Wakuu, kwema? Kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana, leo nalitema.

Nilikwenda Houston, Texas, kwenye mahafali ya mpwa wangu. Jioni tukaenda kula watu wanne, bili ikaja dola 92. Nikalipa mimi, mjomba mtu, nikaacha na dola 3 mezani nikijiona nimefanya la maana, maana kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi 7,000. Mpwa wangu akanisubiri nitangulie mlangoni, akarudi akachomeka noti ya dola 20 chini ya sahani. Nikamwona. Ndani ya gari akaniambia, "Mjomba, usinikasirikie, ila yule dada ulitaka kumdhulumu."

Nikahamaki. Nimdhulumu vipi mtu ambaye bili nimelipa yote?

Akanieleza. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991. Kima cha chini cha kawaida ni 7.25. Ile tofauti inategemewa itoke mfukoni kwa mteja, na isipofika ndipo mwajiri anatakiwa kufidia. Yako majimbo yaliyopandisha, na California imekataa kabisa mpango huo, mhudumu analipwa kima kamili kama wengine. Texas bado wako kwenye 2.13. Kwa hiyo asilimia 15 hadi 20 wanayoacha wenyewe si ukarimu, ni mshahara wa mtu.

Desemba mpwa akaja likizo. Nikampeleka Capri Point, hapa kwetu Mwanza, tukale sato huku tunalitazama ziwa. Alipomaliza akafanya yale yale, noti ya 10,000 chini ya sahani, tukaondoka. Hatujawasha gari, mhudumu huyu hapa anakuja mbio, viatu mkononi: "Jamani, mmesahau hela!"

Sasa nauliza: Mtanzania akienda nje afuate desturi ya mwenyeji hata kama inamkera? Na huo utaratibu tuulete huku? Nawasilisha.

Mama wa Mwaloni
Baba, hukukosea kitu. Bei ni bei. Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mteja nampimia, nikimaliza namwongezea kiganja kimoja juu. Nisipoongeza ananiuliza mwenyewe, "Mama, nyongeza iko wapi?" Kwetu sisi anayeongeza ni muuzaji! Wenzetu wamekipindua chungu, mnunuzi kalipa chakula, kalipa na kodi, halafu yeye ndiye atoe nyongeza, tena ya kumlipia mshahara mtu ambaye hakumwajiri. Kama sahani ni dola 30 waandike 30, nitajua kama nakula au natafuta ndizi. Kuandika 25 kisha kumtuma binti achekecheke apate 5 nyingine ni kuficha bei.

Mleta mada
Mama, hapo kwenye kuficha bei niko nawe. Hata kodi yenyewe kule haimo kwenye bei ya menyu, unakutana nayo kwenye risiti. Lakini nikigoma kutoa anayeumia ni nani? Bosi ameshaweka zake kibindoni. Nitakuwa nagombana na bosi kwa kutumia tumbo la yule dada.

Mama wa Mwaloni
Basi pikeni nyumbani.

Mkazi wa Buzuruga
Nimeishi Fukuoka miaka miwili kwa masomo. Japani hakuna bakshishi. Wiki yangu ya kwanza niliacha sarafu za yeni mezani, kijana akanifuata hadi njia panda akanikabidhi kwa mikono miwili huku ameinama. Nikaona haya. Pale ukimaliza kula unasema "gochisosama", yaani ahsante kwa chakula, basi. Na huduma yao hujapata kuiona. Ila wasafiri wenzangu wawe macho, kwenye baadhi ya baa zao ukikaa tu unaletewa kibakuli cha kitu ambacho hukuagiza, na kinaingia kwenye bili. Ndiyo gharama ya kukalia kiti.

Mimi napinga kuleta bakshishi huku kwa sababu moja. Tayari ukiingia hoteli za kando ya ziwa na mzungu akaingia nyuma yako, menyu inampita nani? Unasubiri nusu saa, mwenzako kashafunguliwa soda. Tukiihalalisha, sisi wa hela ya mawazo tutakula saa ngapi?

Dereva wa Ndabaka
Nabeba wageni kutoka hapa mjini hadi geti la Ndabaka kuingia Serengeti, kwa hiyo naongea kwa uzoefu wa mfukoni. Kila mgeni anasafiri na desturi ya kwao. Mfaransa usimlaumu, kwao kwa sheria bei ya menyu tayari ina huduma ndani, akikuachia sarafu mbili anakushukuru kweli. Mmarekani anapiga asilimia kichwani hata kwa chai ya rangi.

Tatizo langu ni hizo sarafu. Nina chupa ya maji ya lita moja na nusu imejaa yuro za chuma. Duka la kubadilisha fedha wanachukua noti tu, chuma hawakitaki. Huwa natafuta mgeni anayerudi Ulaya, namhesabia kumi kumi juu ya boneti, ananipa noti. Kwa hiyo mleta mada, ukienda kwa watu, desturi yao ifuate, na utoe hela ambayo mtu anaweza kuitumia. Usije ukamwachia mtu wa Houston sarafu ya mia tano yenye nyati.

Dada wa meza
Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye mnayenijadili. Nahudumu mezani hapa hapa Mwanza, sehemu siitaji, mnajua njaa.

Hilo la kumkimbilia mzungu ni kweli, sikatai. Lakini kaka wa Buzuruga jiulize, lini mara ya mwisho uliniachia hata mia tano?

Kilichotuua sisi ni lipa namba. Zamani bili ni 17,500, mtu anatoa 20,000 anasema "baki nayo". Ile 2,500 ndiyo bodaboda yangu ya saa sita usiku, maana daladala zinakuwa zimeshalala. Siku hizi anapiga 17,500 kamili kwenye simu, mimi naambiwa "ahsante dada, sato alikuwa mtamu". Sato sikumkaanga mimi! Na wapo wanaoongeza 2,000 huko huko kwenye simu wakidhani wamenipa. Inaingia kwa bosi. Siioni. Glasi ikivunjika ndiyo naiona, kwenye mshahara.

Mkazi wa Buzuruga
Dada, umenipata. Ila kuhusu bosi, Uingereza hilo wameliwekea sheria. Tangu Oktoba 1, 2024 bakshishi yote, hata iliyolipwa kwa kadi, mwajiri lazima awagawie wafanyakazi bila kujikatia. Kama tunaiga, tuige na hiyo.

Mama wa Mwaloni
Mnaona sasa? Hata huko kwao bosi alikuwa anaidokoa mpaka sheria ikaja. Mimi nasema aandike bei ya haki amlipe binti wa watu.

Dada wa meza
Mama, siku hiyo ikifika nitakuja Mwaloni nikununulie wewe soda. Kwa sasa naomba ya bodaboda.

Na yule mwenzangu wa Capri Point mnamcheka bure. Hela iliyoachwa chini ya sahani bila neno mimi siigusi. Kazini kwetu mmoja alichukua 10,000 ya namna hiyo, baada ya nusu saa mteja akarudi akasema kaisahau. Aliondoka siku ile ile, na jina la wizi juu. Mkitaka kutoa, toeni mkononi, mseme "hii yako", na mwenzangu mmoja awe anasikia.

Mleta mada
Kumbe! Sisi tulidhani ni ushamba, mpwa wangu akasema ni uaminifu. Tulipomwambia ni yake aliangalia nyuma kwanza, akaikunja mara nne, akainama akaiingiza kwenye soksi.

Dada wa meza
Ndiyo. Mfuko wa aproni unakaguliwa wakati wa kufunga hesabu.