Hivi rubani anawezaje kukosea urefu wakati ndege ndo inaruka?

Mangi wa Majengo:
Wakuu habari za saa hizi. Naomba kueleweshwa na wenye ujuzi wa mambo ya anga. Juzi kijiweni hapa Moshi ukaibuka mjadala wa ajali za ndege, jamaa mmoja akasema rubani anaweza kukosea urefu palepale anaporuka, mi nikabisha nikamwambia hapana bwana, ndege za siku hizi kompyuta kila kona, mbele wamekaa watu wawili, na kuruka si ni kupanda tu, utakoseaje kupanda? Jamaa kakomaa. Nauliza kwa dhati kabisa maana bi mkubwa anapanda ndege mara ya kwanza mwezi ujao, KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kwenda Dar, mimi ndo nimemshawishi, na huku kwetu mlima huo hapo unauona. Inawezekana kweli? Inatokeaje?

Chalii wa Kisongo:
Inawezekana mkuu, na imeshatokea sehemu nyingi duniani. Narusha ndege ndogo za watalii hapa Arusha kwenda mbugani, ngoja nieleze kwa lugha nyepesi.

Kipimo cha urefu, altimita, hakioni ardhi, kinapima mgandamizo wa hewa basi. Kabla hujaruka mnara wa kuongozea ndege unakupa namba ya mgandamizo wa saa hiyo, unazungusha kitufe mpaka namba hiyo itokee kwenye kidirisha kidogo cha altimita. Ukikosea hektopaskali moja umepishana na ukweli kama futi 27 hadi 30, hiyo ndogo, ila ukiweka 1023 wakati umeambiwa 1013 tayari ni karibu futi 300 na mshale hautakwambia chochote, utatulia hapo kama kila kitu kiko sawa. Ndo maana hapa Kisongo, uwanja wetu wa Arusha, ndege ikiwa chini imesimama mshale unatakiwa usome futi 4,500 na ushee, sio sifuri, maana uwanja wenyewe uko juu hivyo kutoka usawa wa bahari, KIA ni 2,900 na kitu. Mimi mshale usiposoma urefu wa uwanja niliopo siondoki, abiria wanune wasinune. Ukiruka hapa kuelekea mashariki Meru iko kushoto kwako, karibu futi 15,000, na siku nyingi imefunikwa na mawingu, huo sio mlima wa kubahatisha nao.

Sasa kosa lingine, na mimi hili ndo naliogopa zaidi, ni namba ya urefu ulioruhusiwa kupanda. Kontrola, yule anayeongoza ndege kwa redio, anakwambia panda mpaka hapa usimame kwa sababu juu yako kuna mwenzako anashuka. Redioni 100 na 110, yaani futi 10,000 na 11,000, zinafanana sana, na dakika hizo za kuruka ndo kazi imejaa mikononi, gia (magurudumu), flapu (vile vibao vya nyuma ya bawa), redio, kugeuka, vyote kwa pamoja. Ndo maana kila namba tunairudia kwa mdomo kontrola asikie, na anayekaa pembeni anahakikisha kilichowekwa kwenye kompyuta ndo kilichosemwa. Kompyuta haijui kontrola kasema nini, inajua ulichoiwekea tu.

Dada wa Njiro:
Hiyo sentensi ya mwisho ndo jibu la mjadala wenu wa kijiweni kaka Mangi. Desemba 2021 kuna Boeing 777 iliruka Dubai usiku kwenda Washington, taarifa zilizotoka zikasema dirisha la urefu, pale rubani anapoiwekea kompyuta urefu wa kupanda, lilikuwa limeachwa kwenye sifuri, hivyo maelekezo kwenye skrini yakawa yanamwambia rubani ashushe pua naye akayafuata, ndege ikapita chini sana juu ya nyumba za watu kabla hawajaipandisha. Mwaka uliofuata, Desemba 2022, 777 nyingine iliruka Maui kule Hawaii kwenye mvua, kapteni akaomba flapu 5 mwenzake akasikia 15, wakati wanahangaika na hilo hakuna aliyekuwa anaangalia urefu, ndege ikatoka juu ya futi 2,000 ikashuka hadi chini ya 800 baharini. Walifika San Francisco salama. Ndege nzima kabisa hiyo, injini zote zinafanya kazi.

Mzee wa Sakina:
Mmesahau ya kwetu, Desemba 2013 ndege kubwa ya Ethiopia 767 ilikuwa inaenda KIA ikatua Kisongo! Mji mzima tulienda kuiangalia.

Chalii wa Kisongo:
Shikamoo mzee. Ile ilikuwa kutua, walichanganya viwanja, urefu haukuwa tatizo. Ila kweli pale palihitaji breki za maana.

Mangi wa Majengo:
Aisee nimeelewa, nitarudi kijiweni nikamwombe jamaa radhi. Ila kuna kitu bado, rubani si anahisi mwenyewe kuwa ndege inashuka? Hata mimi kwenye basi likishuka mlima nahisi.

Dada wa Njiro:
Hapo ndo penye hatari kaka. Usiku au ndani ya wingu huna cha kuangalia nje, na ndege ikiongeza kasi sikio la ndani linakudanganya kuwa pua imenyanyuka kupita kiasi, mkono unataka kuisukuma chini wakati ilikuwa sawa tu. Ndo maana wanafundishwa kuamini vipimo, sio mwili. Mnakumbuka ya Kenya Airways Abidjan, tarehe 30 Januari 2000? Ndege imetoka tu ardhini usiku, king'ora cha kuonya kuwa inapoteza nguvu ya kuelea kikalia kimakosa, aliyekuwa anarusha akashusha pua, na mbele ni bahari, giza, hakuna hata taa moja ya kumwonyesha yuko chini kiasi gani. Watu 169 walikufa, wakapona 10. Mimi hiyo huwa inaniuma sana kwa sababu ndege ilikuwa nzima, walihitaji sekunde chache tu za kuangalia mshale wa urefu badala ya kusikiliza king'ora.

Chalii wa Kisongo:
Kweli dada. Na kwenye ndege kubwa anayesaidia anatakiwa kutamka kwa sauti kuwa ndege inapanda kabla hata gia haijakunjwa, na zikibaki futi 1,000 kufika urefu walioambiwa wanaambizana tena.

Mangi, mwambie mama kitu kimoja kabla ya safari: dakika moja hivi baada ya kuruka atasikia injini zinapunguza mlio na tumbo litahisi kama ndege inadondoka. Haidondoki, wamepunguza nguvu kwa utaratibu na bado inapanda. Wageni wengi wanashtukia hapo. Halafu mkatie siti ya dirishani upande wa kushoto, kukiwa hakuna mawingu ataona Kibo yote.

Mangi wa Majengo:
Nashukuru sana wakuu, namwambia leo leo. Ya siti alishaniuliza.