Kambi ndogo ya karavani shambani: tuanze na barabara au na nini?

Mrithi wa Shamba

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Familia yetu ina shamba la hekta 4 nje ya mji. Sehemu ya juu ni tambarare, na ya chini inateremka hadi kwenye kijito. Tumekubaliana kutenga takribani hekta 1.5 kwa ajili ya kambi ya karavani na magari yenye malazi, yenye nafasi 12, kila nafasi ikiwa na umeme, maji na bomba lake la majitaka. Kisima tunacho, na nyaya za umeme zinapita kando ya barabara kuu. Kaka yangu anashauri tukodi greda mara moja tufungue barabara ya ndani, kisha mengine yafuate kadiri fedha zitakavyopatikana. Mimi nasita, kwa kuwa naona kama tunachora nyumba kwa kuanzia mlangoni. Naomba wenye uzoefu mnieleze kipi kitangulie na kwa sababu gani, na kama nafasi 12 ni nyingi au ni chache kwa eneo hilo.

Fundi wa Majitaka

Ndugu, greda lisubiri. Idadi ya nafasi haiamuliwi na ukubwa wa eneo. Huamuliwa na kiasi cha majitaka ambacho udongo wako unaweza kufyonza, na jambo hilo halijulikani mpaka lipimwe.

Kipimo chenyewe hakina mambo makubwa, ingawa mamlaka nyingi hutaka kifanywe na mtu anayetambuliwa nazo. Huchimbwa mashimo kadhaa yenye upana wa sentimita 30 hivi mahali ambapo mitaro ya kufyonzea, yaani ile inayoingiza udongoni maji yanayotoka kwenye tangi la majitaka, itakaa, na kina chake hufikia usawa wa chini wa mitaro hiyo. Kuta za shimo hukwaruzwa, kwa maana koleo likipita kwenye udongo wa mfinyanzi huacha uso laini unaozuia maji na kukupa jibu la uongo. Chini huwekwa kokoto za sentimita 5, shimo hujazwa maji na kuachwa usiku kucha ili udongo ulowe, na siku ya pili hutiwa maji ya kina cha sentimita 15 juu ya kokoto na kupimwa yanashuka kwa kasi gani. Yakikaa bila kushuka, udongo haufai. Yakishuka kwa kasi kupita kiasi, napo pana hatari, kwa sababu uchafu utafika kwenye maji ya ardhini kabla haujachujwa. Kwa kuwa una kisima na kijito, zingatia umbali tangu mwanzo: mita 30 kutoka kisimani hutajwa mara nyingi kuwa kiwango cha chini, na kanuni za eneo lako huenda zikadai zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wajenzi waliozoea nyumba za kawaida hawalioni. Majitaka ya karavani hayaji kidogokidogo kama ya familia. Tangi la choo la gari la kawaida hubeba takribani lita 75 hadi 190, na wageni huelekea kuondoka asubuhi moja, mwisho wa juma. Magari 8 yakimwaga lita 120 za choo kila moja, na kiasi kama hicho cha maji ya kuogea na kuoshea vyombo, tayari una karibu lita 2,000 ndani ya muda mfupi. Tangi la septiki likipokea wimbi hilo lote kwa pamoja, tope halipati muda wa kutuama. Husukumwa hadi kwenye mitaro na kuiziba. Ndiyo maana mhandisi atakushauri uwe na tangi la kupokea kwanza, lenye pampu inayopeleka majitaka kwa vipimo. Aidha, wakataze wageni dawa za choo zenye formaldehaidi, maana huua bakteria ambao ndio wanaofanya kazi ndani ya septiki.

Dereva wa Trela

Nakubaliana na Fundi kuhusu udongo. Mimi nitazungumzia barabara, kwa kuwa kambi nyingi ndogo huharibikia hapo.

Ifanye barabara ya ndani iwe mzunguko wa kwenda upande mmoja. Gari kubwa la malazi hufikia urefu wa mita 12 au zaidi, na likiwa linavuta gari dogo nyuma yake haliwezi kurudi kinyumenyume bila kulifungua. Hivyo njia isiyo na mahali pa kutokea ni mtego. Nafasi chache ziwe za kuingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Zilizobaki ziwe za kurudi nyuma, zikiwa zimelala mshazari badala ya kuikabili barabara kwa pembe mraba, tena upande wa dereva. Katika nchi ambako usukani uko kushoto, dereva anayerudi kuelekea kushoto huona trela lake kupitia dirishani, lakini akilazimika kurudi kuelekea kulia hubaki akikisia.

Kabla kokoto hazijamwagwa, chomeka vijiti, funga kamba kufuata mchoro wako, kisha mwombe mtu mwenye trela refu apite polepole. Tazama magurudumu ya nyuma: hayafuati ya mbele, bali hukata kona kwa ndani, na mti ulioonekana uko mbali utakwaruza ubavu. Matawi nayo yapunguzwe hadi mita 4.3 kutoka ardhini. Tafadhali tumieni kokoto zilizopondwa zenye pembe kali, si zile za duara za mtoni, ambazo huteleza chini ya magurudumu hata zikishindiliwa.

Mrithi wa Shamba

Nashukuruni sana. Kaka amesoma maelezo haya na amekubali greda lisubiri, ingawa bado anasisitiza kuwa kila nafasi iwe na bomba lake la majitaka, kwa hoja kwamba wageni hupenda hivyo. Je, ni lazima? Na umeme tuukadirie vipi?

Fundi Umeme

Umeme hutegemea magari mnayoyatarajia. Magari ya Marekani hutumia soketi za ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600, au za ampea 50 zinazofikia wati 12,000. Kwenye kambi za Ulaya soketi ya kawaida ni ile ya buluu ya ampea 16 kwa volti 230, ambayo hutoa wati 3,680. Msijumlishe mzigo wote kana kwamba kila mgeni atawasha kiyoyozi na jiko kwa dakika ileile: kanuni za umeme za Marekani, kwa mfano, huruhusu kambi ya nafasi 10 hadi 12 ihesabiwe kwa asilimia 50 ya jumla. Nafasi 12 za ampea 30 zingekuwa wati 43,200, nanyi mngehesabu 21,600. Hata hivyo msibane unene wa waya. Waya mwembamba unaokwenda mbali hushusha volti, na volti ikishuka, mota ya kiyoyozi huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata moto. Kisanduku kikuu kikikaa katikati ya mzunguko badala ya kukaa getini, waya zitakuwa fupi. Kiwango cha kimataifa cha IEC, tume ya viwango vya umeme, kwa kambi za karavani hutaka kila soketi iwe na swichi yake ya kinga inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Msikubali fundi awaunganishie soketi kadhaa kwenye swichi moja ili kupunguza gharama.

Fundi wa Majitaka

Kuhusu mabomba ya majitaka, mheshimu kaka yako, lakini kwa kambi ya nafasi 12 si lazima. Kituo kimoja cha kumwagia, kilicho karibu na njia ya kutokea, huwatosha wageni wanaokaa siku chache, na hukuepusha na mamia ya mita za bomba linalotakiwa kushuka sentimita 2 kwa kila mita moja. Nafasi 3 au 4 zilizo karibu na tangi mnaweza kuzipa mabomba, kwa ajili ya wanaokaa kwa wiki nyingi. Sakafu ya kituo iwe ya zege, inamie kuelekea kwenye tundu la bomba la milimita 100 lenye kifuniko. Bomba la maji ya kusuuzia lipewe kizuizi cha maji kurudi nyuma pamoja na bango la kuonya kuwa si ya kunywa, kwa kuwa msukumo ukipungua kisimani, mpira wa maji ulioachwa ndani ya tundu unaweza kunyonya uchafu hadi kwenye maji ya kambi nzima. Koki ya maji ya kunywa ikae mbali kabisa na hapo, na wala isionekane kama sehemu ya kituo hicho.

Peleka mchoro na matokeo ya udongo kwa pamoja unapoomba kibali cha kubadili matumizi ya ardhi. Ukipeleka mchoro peke yake, maofisa wa afya watakurudisha shambani ukapime.