Wauza springi za nyuma za "sporti", ugumu wake mnauficha kwa nini?

Wakuu, nimekasirika na nitaandika nikiwa hivi hivi.

Gari ni la michezo, viti viwili, injini mbele, linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Springi ya nyuma kushoto ilikatika mzunguko wa chini kabisa, pale maji na mchanga vinapokaa mpaka rangi inabanduka na kutu inaanza kula chuma. Gari likizeeka hilo hutokea. Springi hubadilishwa jozi, basi nikatafuta mbili. Nikakutana na tangazo tamu: springi nyekundu, "sporti", zinashusha gari milimita 30, zinaingia bila kukata wala kuchomelea. Nikamuuliza muuzaji ugumu wake ni kiasi gani. Akajibu: "5."

Tano nini? Kama ni kilo kwa milimita, yaani kilo tano za kuibonyeza milimita moja, hizo ni kama nyutoni 49 kwa milimita, au pauni 280 kwa inchi. Kama ni kipimo kingine, hiyo ni springi nyingine kabisa. Nikauliza tena, nikaambiwa "bosi, wote wanafunga hizi hizi, hakuna aliyelalamika." Nikalipa. Hapo ujinga ni wangu, sibishi.

Zikafungwa. Zimeingia, hilo hakudanganya. Ila kuingia si kufaa. Kila kiraka cha lami mkia unaruka mara tatu nne kabla haujatulia. Siku mvua iliponyesha, kwenye kona ambayo nilikuwa naipita kwa mwendo wa bi harusi, nyuma ikataka kutangulia mbele.

Nikazitoa, nikachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Waya ya springi ya zamani ni milimita 10. Mpya, 11. Upana wa koili sawa, idadi ya mizunguko sawa. Mtu atasema milimita moja ni nini? Ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya. Chukua 1.1, izidishe yenyewe kwa yenyewe mara nne, unapata 1.46. Nimeongezewa ugumu wa asilimia 46 nyuma peke yake, huku mbele ziko za kiwandani! Ukikaza nyuma tu, kwenye kona sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohamia upande wa nje inabebwa na tairi la nyuma, na ndilo linaloachia barabara kwanza. Kwa gari linalosukumwa na nyuma, huo ni mtego.

Nikamrudia muuzaji. "Shokabu zako zimekufa." Nusu ya kweli, na ndiyo inayoniuma zaidi: shokabu za kiwandani zilipimwa kutuliza springi laini, ukizipa springi ngumu hivi haziwezi kuizuia inaporudi juu. Sasa kama unalijua hilo, kwa nini hukuniambia kabla hujapokea hela? Kuzirudisha hataki, eti zimeshafungwa.

Gereji nako nikapewa ushauri wa kukata mzunguko mmoja wa zile za zamani zilizobaki mbele "ili zilingane" na za nyuma. Jamani! Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukiiachia 5, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na ncha yake haikai tena kwenye kikalio chake. Mwingine akasema aipashe moto ilale. Huyo sikumjibu.

Na wale wa "mimi nimefunga za kilo 8, gari linakwenda kama treni": gari lako siyo langu. Kama springi inabonyea milimita 7 gurudumu linapopanda 10, gurudumu linasikia chini ya nusu ya ugumu ulioandikwa, kwa sababu hiyo 0.7 inazidishwa yenyewe kwa yenyewe. Namba ya springi bila kujua imekaa wapi kwenye mkono wa gurudumu haikusaidii kulinganisha magari mawili. Pia springi iliyolala kwa uzee imepungua urefu tu, ugumu wake uko karibu pale pale. Kwa hiyo "za zamani zimelegea, weka ngumu" ni maneno ya kuuzia.

Ninachotaka kwenye tangazo ni kidogo: ugumu na kipimo chake, kama ni wa aina moja au unaongezeka springi inavyobonyea, urefu ikiwa haina mzigo, unene wa waya. Mtengenezaji anazo namba hizi, bila hizo asingeweza hata kuikunja. Rangi nyekundu naiona mwenyewe.

Nimeagiza jozi yenye vipimo vya kiwandani. Gari liko juu ya stendi, nasubiri. Asubuhi hii tangazo la yule jamaa limerudi juu, picha ile ile. Safari hii kwenye ugumu ameandika: "sporti zaidi."