Uzamivu wa kompyuta: Ujerumani, Marekani au Arusha?

Silikanti_Tanga:
Wakuu, habari za jioni. Nina uzamili wa sayansi ya kompyuta na mwaka wa nne sasa nafundisha chuo kimoja hapa Tanga. Nataka kufanya uzamivu (PhD), utafiti wa kompyuta kutambua usemi wa Kiswahili, hasa lafudhi zetu za Pwani. Nina njia tatu mkononi. Kuna kundi la utafiti Ujerumani linalotafuta mtu, na profesa mwenyewe ndiye anayechagua. Kuna Marekani, ambako unaomba idarani na kamati inaamua. Halafu kuna chuo cha Nelson Mandela, Arusha. Nina mke na mtoto wa miaka miwili. Mnanishauri nianze na ipi?

Mwana_Ngamiani:
Mdogo wangu, Ujerumani nimekaa miaka mitano. Kule mwanafunzi wa uzamivu wa kompyuta mara nyingi ni mwajiriwa: ana mkataba, bima ya afya, likizo, na mshahara wa ngazi wanayoiita E13. Ila usome asilimia ya mkataba. Kuna wa 100, kuna wa 65, kuna wa 50, na mshahara unafuata hapo hapo. Masomo ya darasani ni machache. Ugumu wake ni kwamba fedha ni za mradi. Kama mradi ni wa kusoma picha za eksirei, usemi wa Kiswahili utaufanya usiku.

Bi_Chumbageni:
Marekani ni miaka mitano au sita, na ya mwanzo unakaa darasani. Mimi ilinifaa kwa sababu niliingia bila mada kamili, na nilipoona msimamizi hatuelewani nikahamia kwa mwingine. Ada husamehewa, unapata posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Maombi mengi hufungwa katikati ya Desemba. Lakini mdogo wangu, tazama familia kwanza: mwenza anayekufuata kwa viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi. Shemeji yetu ana shughuli yake hapo Tanga? Mzungumze kabla hujalipa ada hata ya ombi moja.

Kaole:
Nipo Bagamoyo kwa likizo, naomba nieleze kwa kirefu kidogo. Nilituma barua pepe 40 zenye maneno yale yale, nikibadilisha jina la profesa tu. Nilijibiwa mbili, zote za kunikatalia. Nikaacha. Nikachukua makala moja ya kundi moja, nikaisoma wiki mbili, nikapakua programu yao, nikaenda sokoni kwa wavuvi. Niliwaomba ruhusa nikarekodi. Mzee mmoja akasema "tweka tanga", yaani pandisha tanga la chombo, mashine ikaandika "peleka Tanga". Akasema "kusi", upepo wa kusini, ikaandika "kisu". Mashine haikuwa imewahi kusikia watu wa baharini. Nikamwandikia profesa makosa hayo na sababu ninazozidhania. Jibu lilikuja siku ya pili.

Siku hizi mimi ndiye ninayepitia maombi kundini kwetu kabla hayajamfikia profesa. Alama naziangalia, ndiyo. Lakini ninachotafuta ni kama mtu amegusa kazi yetu kwa mikono yake. Barua za mapendekezo nazo: mwalimu aliyekusimamia mradi akieleza ulichokifanya ana uzito kuliko mkuu wa chuo asiyekujua.

Msomi_wa_Njiro:
Arusha msiipite haraka. Nelson Mandela ilianza kufundisha mwaka 2011 na ni ya uzamili na uzamivu, kwa hiyo wahadhiri hawalemewi na madarasa ya shahada ya kwanza. Wasemaji wa lugha yako wako nje ya mlango. Ila usianze bila barua ya ufadhili mkononi. Chuo nilichosoma mimi, kingine, niliahidiwa kwa mdomo, nikamaliza mwaka wa pili kwa kuuza shamba la machungwa la mama, Muheza. Bado linaniuma.

Silikanti_Tanga:
Pole sana ndugu yangu. Nimeongea na mke wangu, Marekani tumeiweka kando. Kesho alfajiri naenda Deep Sea, kwa wavuvi, na simu yangu, nianze na kundi la Ujerumani, na Arusha naomba pia. Kaole, barua yako ilikuwa na urefu gani?

Kaole:
Aya tatu, na rekodi moja ya sekunde 20. Upepo uusikilize kabla hujabonyeza. Rekodi zangu tano za kwanza zilikuwa mvumo mtupu.