Reli ya zamani, treni mpya: tutafika mapema kweli?

Swali
Wakuu, habari zenu. Njia tunayoitumia kwenda kazini ni reli moja ya zamani, kona tele. Tumeambiwa zinakuja treni mpya zenye uwezo wa kilomita 160 kwa saa. Lakini ya sasa inatambaa darajani, kisha inakaa stesheni ndogo kungoja mwenzake apite. Hizo mpya zitasaidia nini?

Jibu
Mkuu, nimefanya matengenezo ya njia ya reli miaka mingi na jambo hili linaniuma. Treni haiwezi kuizidi njia. Anzeni na pale inapotambaa.

Piga hesabu. Kipande cha kilomita 2 kwa mwendo wa 20 kinakula dakika 6. Kikitengenezwa kipitike kwa 80, ni dakika moja na nusu. Zimeokolewa nne na nusu, na bado hujahesabu muda wa kufunga breki na kuchanganya tena. Sasa chukua kilomita 10 nzima uzipandishe kutoka 80 hadi 120: unapata dakika mbili na nusu tu, kwa fedha nyingi mno.

Mara nyingi ugonjwa uko chini. Kokoto zikishajaa matope maji hayatoki, na taruma, ile boriti inayolala chini ya reli, linaanza kucheza. Simama pembeni treni ikipita: utaliona linazama na kupanda, tope linaruka kila gurudumu linapolikanyaga. Hapo panatakiwa mifereji na kokoto safi.

Muuliza swali
Shukrani mkuu. Na kona je?

Jibu
Hapo ni pagumu. Nguvu inayoisukuma treni nje ya kona hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka 80 hadi 120 nusukipenyo cha kona kinatakiwa kiwe mara 2.25 ya kile cha awali. Maana yake ni ardhi mpya na tuta jipya. Wajapani walianza kutumia treni zinazoinama kwenye kona mwaka 1973. Queensland, Australia, mojawapo ilifika 210 mwaka 1999, tena kwenye reli ya upana wa milimita 1,067! Ila kuinama kunamfaa abiria asirushwe pembeni. Reli inasukumwa vilevile, kwa hiyo lazima iwe imara.

Mchangiaji mwingine
Niongezee kuhusu kungojana. Uswisi walianza na ratiba: Zürich hadi Bern iwe chini ya saa moja, treni ziwahiane stesheni ili abiria abadilishe bila kungoja sana. Wakajenga kipande kipya cha Mattstetten–Rothrist, kikafunguliwa 2004, safari ikawa dakika 56. Kwenye njia moja inayotumiwa na treni za pande zote mbili pia, ratiba ndiyo ikuonyeshe njia ya kupishania ikae wapi.

Jibu
Kweli kabisa, na iwe ndefu, treni moja ipite bila kusimama. Mkikutana na wahusika, ombeni orodha ya vipande vyote vilivyopunguzwa mwendo, na sababu ya kila kimoja.