Kuogelea kutoka Changuu hadi Forodhani kwa ajili ya watoto wenye ulemavu

Swali: Assalaam alaykum. Nimenuia kuogelea kutoka kisiwa cha Changuu hadi Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, masafa yanayozidi kilomita 5, ili nichangishe fedha za kununulia watoto wenye ulemavu viti vya magurudumu. Nichague wakati gani?

Jibu la mvuvi: Waalaykum salaam, mwanangu. Usiingie majini wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, kwani huvuta kwa nguvu. Subiri maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mwezi ukiwa nusu, na hasa wakati wa maleleji, upepo wa kaskazi ukishatulia na wa kusi haujaanza. Ngalawa ikufuate bega kwa bega, maana boti za abiria hupita hapo kila siku.

Jibu la mzazi: Allah akulinde, kaka. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, na kiti chake cha kwanza, alichopewa bila kupimwa, kilikuwa kikubwa mno hata akawa analalia upande mmoja na kuumia mgongo. Nakuomba sana, kila mtoto apimwe kabla kiti hakijanunuliwa, na magurudumu yawe mapana, kwa kuwa membamba huzama katika mchanga wa vijijini kwetu.

Muulizaji: Ahsanteni. Nitaanza na vipimo, kisha nitapanga siku.