Nitume hiyo mia tano ama niwache?

Wasee naomba ushauri. Mimi niko Kondele hapa Kisumu, nafundisha watoto tuisheni jioni na nusu ya notisi zangu natoa Wikipedia, sasa juzi nafungua tu hivi nikakuta ujumbe wanaomba mchango, nikafikiria kutuma mia tano lakini mama watoto akaniuliza hao ni akina nani na sisi hata chama hatujalipa mwezi huu 😅

Ukweli wenye wanaandika huko hawalipwi, ni watu wa kujitolea tu tangu 2001, na hakuna matangazo ya kubeti yanakurukia usoni. Lakini mchango hauendi kwao, unaenda Wikimedia Foundation huko San Francisco, ndio wanalipa seva na wafanyikazi. Hapo ndio nakwama. Halafu kuna ile ya Kiswahili, iko tangu 2003, kurasa zingine ni mistari miwili tu, nikasema si afadhali hiyo pesa ninunue bando niingie niongeze kitu mwenyewe, hata kama ni habari ya samaki wa Dunga?

Mwenye amewahi kuchanga aniambie aliamuaje, na kama M-Pesa ilikubali.